Mwenyeji wa Nchi Hii ni Nani?

Siku hizi katika vijiji vyetu neno moja latajwa sana, nalo ni "damu." Watu wakigombania shamba, utasikia, "Huyu si damu yetu." Kijana akitaka kuoa, wazee wauliza, "Damu yake ni ya wapi?" Na sasa wataalamu wamepata njia ya kusoma damu ya mtu kama asomavyo mtu kitabu, hata wengine wadhani kwamba mabishano yote yatakwisha. Wasema, apimwe tu, ijulikane mara moja nani mwenyeji na nani mgeni. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mkumbi katika wilaya ya Mbinga. Jambo hili limeingia hata katika ukoo wangu, nami nimelisoma na kulifikiri siku nyingi. Napenda kuwaeleza niliyoyaona, maana naamini yatazifaa jamaa nyingi.

Kwanza na tuelewe hiyo damu husomwaje. Ndani ya chembe za mwili wetu mna maandishi ya urithi, ambayo wataalamu huyaita vinasaba. Si lazima hata kutoa damu. Mate kidogo ndani ya kichupa yatosha. Mtoto hupata nusu ya maandishi hayo kwa baba yake na nusu kwa mama yake. Babu na bibi zako ni wanne, wazazi wao ni wanane, na ukirudi nyuma vizazi kumi utahesabu nafasi 1,024. Lakini maandishi hayagawanywi sawasawa. Katika wazee hao wa mbali wako ambao hawakukuachia hata herufi moja mwilini mwako, ingawa pasipo wao usingalizaliwa. Tena iko sehemu moja ndogo ipitayo kwa mama tu, kutoka kwa bibi hata kwa mjukuu, na sehemu nyingine ipitayo kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu. Kila moja ya hizo ni uzi mmoja katika kitambaa kizima.

Mpwa wangu mmoja akaaye ng'ambo alipeleka mate yake kwa kampuni ipimayo mambo hayo. Akaletewa ramani yenye rangi nyingi na majina ya nchi za mbali. Akatupigia simu kwa mshangao, akasema, "Mjomba, kumbe sisi si watu wa huko!" Nilimweleza hivi: Kampuni hiyo ni kama mwalimu mwenye daftari la darasa moja tu. Akiletewa mtoto wa darasa lingine, atamweka karibu na yule anayefanana naye kidogo. Katika madaftari yao watu wa Ulaya ni wengi mno, na watu wa Afrika ni wachache. Basi ramani ile haikumwambia babu zake walizikwa wapi. Ilimwambia tu anafanana na nani kati ya watu waliomo katika daftari lao.

Hata hivyo, sidharau elimu hii. Wataalamu wameitumia kusoma mifupa ya watu wa kale, na habari walizozipata hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Nyasa, ni za ajabu.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, wazee husimulia habari za watu wafupi walioishi huko zamani, wakiwinda kwa mishale na kuchuma matunda ya porini. Wawaita Akafula. Wasema watu hao walichukia sana kudharauliwa kwa ufupi wao. Ukikutana na mmoja wao, alikuuliza, "Umenionea wapi?" Ukijibu, "Nimekuona sasa hivi tu," alikasirika na kukupiga mshale. Jibu la amani lilikuwa, "Nilikuona tangu kule mbali." Watoto hucheka wakisikia hadithi hiyo. Lakini ndani yake mna kumbukumbu ya kweli, kwamba wakulima walipofika walikuta nchi ina wenyewe.

Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za mifupa ya watu saba waliofukuliwa mahali patatu nchini Malawi: Hora huko Mzimba, Fingira katika uwanda wa Nyika, na Chencherere karibu na Dedza. Watu hao waliishi kati ya miaka 8,100 na miaka 2,500 iliyopita. Vinasaba vyao vilionyesha kuwa walikuwa ndugu wa wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki, na pia wa wale Wasani wa kusini mwa Afrika. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu tano walikaa wakifanana, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2022 yakatolewa mengine ya kale zaidi, pamoja na ya mtu aliyezikwa kiasi cha miaka 18,000 iliyopita pale Mlambalasi karibu na Iringa, mahali palepale alipokufa Mtwa Mkwawa mwaka 1898.

Basi wataalamu wakalinganisha wale wa kale wa Malawi na watu wakaao huko leo: Wachewa, Watumbuka, Wayao na Wangoni. Je, waliona nini? Waliona kwamba wale wa kwanza hawakuacha karibu chochote katika miili ya watu wa leo. Urithi wa watu wa leo watoka kwa wakulima wa lugha za Kibantu, ambao babu zao walianza kusambaa kutoka upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka kiasi cha 4,000 au 5,000 iliyopita, wakifika huku polepole, kizazi kwa kizazi, na mbegu zao, na baadaye na chuma. Hadithi ya wenyeji wa kwanza imebaki midomoni. Damu yao karibu imekwisha. Hapa Tanzania wako Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, na Wasandawe wa upande wa Kondoa, ambao bado wana urithi wa wawindaji wa kale kuliko sisi sote. Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu tu. Nasi twawaitaje? Mara nyingi twawacheka, au twawaita watu wa porini. Kama uenyeji ungalipimwa kwa damu, wao ndio wangalituuliza sisi, "Ninyi mmetoka wapi?"

Mahali pengine mambo yalikwenda kinyume. Katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari kubwa, alikofika Christopher Columbus mwaka 1492, walikuwako watu walioitwa Wataino. Magonjwa, kazi za kulazimishwa na ukatili viliwaua kwa wingi hata vitabu vikaandika kwamba wamekwisha kabisa. Vizazi vingi vya watoto walifundishwa hivyo shuleni. Lakini watu wa kisiwa cha Puerto Rico walipopimwa ule uzi upitao kwa mama, ikaonekana kwamba karibu watu 61 katika kila 100 wametokana na mama wa asili ya visiwa vile. Halafu mwaka 2018 yakatangazwa maandishi yaliyosomwa katika jino la mwanamke aliyeishi kiasi cha miaka elfu moja iliyopita katika kisiwa cha Eleuthera huko Bahamas. Watu wa Puerto Rico wa leo wakaonekana kuwa ni jamaa za watu wake. Baba za wengi walikuwa Wahispania, na wengi pia walikuwa Waafrika waliopelekwa utumwani. Majina yalifuata baba, vitabu vikafuata majina, na mama wakasahauliwa. Lakini mwili haukuwasahau.

Hata pwani yetu ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, kama vile Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda. Wazee wa pwani walisimulia siku zote kwamba babu zao walitoka Uajemi, na wengine waliwacheka. Ikaonekana kwamba wengi wao kweli walikuwa na baba wa asili ya Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Lakini ikaonekana pia kwamba karibu mama zao wote wa kale walikuwa Waafrika wa hapahapa, na kwa wengi urithi wa Kiafrika ulikuwa zaidi ya nusu. Masimulizi ya baba yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa nusu ya habari.

Sasa turudi kwetu Ruvuma, maana hapa jina na damu vimefumwa kwa namna ya pekee. Kila mtoto wa shule ajua kwamba Wangoni walitoka kusini, wakikimbia vita vya siku za Shaka. Zwangendaba alivuka mto Zambezi na watu wake mwezi wa Novemba 1835, akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Baada yake watu wakagawanyika, na wengine wakafika nchi ya Songea. Lakini fikiri: jeshi lililotembea miaka mingi hivyo halikuwa la watu wa kusini peke yao. Njiani walichukua vijana, wanawake na watoto wa kila kabila walilolipitia. Walipofika huku wakaongeza Wandendeule, Wapangwa, Wamatengo na wengineo. Wale wa kusini walikuwa wachache, na hao waliotekwa walikuwa wengi. Ushahidi wake uko katika masikio yetu. Kingoni kisemwacho Songea leo si lugha ya kusini. Ni ndugu wa lugha za hapahapa, chenye maneno machache tu ya kusini. Jina lilishinda vitani, lakini lugha ya mama ilishinda nyumbani.

Na sisi Wamatengo je? Wazee husema jina letu latokana na kitengo, yaani msitu mnene. Ni jina la mahali. Koo zetu zilifika milimani kwa nyakati mbalimbali na kutoka pande mbalimbali, na wengine walikimbilia huku wakati wa mashambulio ya Wangoni. Kwa kuwa watu walibanana katika miteremko mikali, iliwapasa kulima kwa akili. Ndiyo maana tuna ngoro, yale mashimo ya miraba yazuiayo udongo usichukuliwe na mvua. Watu wa asili mbalimbali wamelima ngoro moja, wakazikana katika mlima mmoja, wakawa kabila.

Nimeeleza hayo yote kwa sababu ya jambo lililotupata sisi. Mdogo wangu alioa mjane kutoka mwambao wa ziwa. Mama huyo alikuja na mtoto wa kiume wa miaka minne, aliyezaa na mume wake wa kwanza. Mdogo wangu alimlea mtoto yule, akamsomesha, na tangu alipokuwa na miaka kumi walikwenda shamba pamoja, wakifyeka nyasi na kuzipanga miraba ya ngoro. Kahawa iliyo katika bonde letu walipanda wao wawili. Mdogo wangu alipofariki, kijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wadogo zake wawili, waliozaliwa na mdogo wangu mwenyewe, walikuwa bado shuleni.

Matanga yalipokwisha, maneno yakaanza. Baadhi ya ndugu walisema kahawa ile ni mali ya ukoo, na kijana yule arudi ziwani kwa watu wake. Mmoja aliyeishi mjini akasema, "Tusibishane. Siku hizi iko vinasaba. Wapimwe wote watatu. Asiye damu yetu aondoke." Shemeji yangu alisikia hayo akiwa jikoni. Hakusema neno, lakini usiku ule alifunga nguo za watoto katika mizigo miwili.

Tukaita sengu. Kwa wasomaji wa pande nyingine nieleze kwamba sengu ni desturi yetu ya kukusanyika kwa mzee, kula pamoja, na kuzungumza mambo ya jamaa zote zikaazo katika ntambo mmoja, yaani mlima mmoja ulio kati ya vijito viwili. Baada ya chakula kila mtu alisema lake. Kisha shangazi yetu, aliye mkubwa kuliko sisi sote, akaomba nafasi.

Akasema, "Wanangu, mwataja damu ya ukoo. Je, mwajua ukoo huu umeanzaje? Babu yangu mimi alifika hapa akiwa mtoto, anakimbia vita. Hakuwa na baba wala mama. Alikutwa kando ya kijito, akila majani. Mzee mwenye mlima huu akamchukua nyumbani. Siku ya tatu akampa jembe. Alipokuwa mtu mzima akampa mke, na jina. Hilo jina mnaloligombania ndilo jina la mzee yule. Si la babu yetu. Jina la babu yetu hakuna alijuaye, hata yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Basi, mkitaka asiye damu aondoke, tufunge mizigo sote."

Watu walinyamaza. Nami nilijua habari za babu yule kwa kusikiasikia, lakini sikupata kuzisikia zimesemwa waziwazi namna ile. Wazee wakakata neno: kijana abaki na shamba alilolilima pamoja na baba yake, na awatunze wadogo zake mpaka wamalize shule. Mmoja wa ndugu aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hatujapatana vizuri. Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila kitu kilikwisha kwa furaha. Lakini shemeji alifungua mizigo yake.

Uamuzi ule tuliuandika, ukatiwa sahihi, ukapelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Nawashauri wengine wafanye hivyo, maana neno lisiloandikwa hupotea na wazee. Tena ifahamike kwamba sheria za nchi hazikuacha mambo haya kwa nguvu ya mwenye sauti kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila yoyote imnyimayo mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi haina nguvu. Na kupima vinasaba si jambo la mtu kumlazimisha mwenziwe. Liko chini ya sheria ya mwaka 2009, nayo kazi yenyewe husimamiwa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali; maombi hupitia kwa wenye mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Kipimo hicho kina kazi yake njema. Chaweza kumpatia mtoto matunzo kwa baba anayemkana, na chaweza kumfungua mtu asiye na hatia. Lakini hakiwezi kukuambia ni nani aliyefyeka nyasi na kupanda kahawa.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Twapenda kuitumia methali hiyo kumwambia mgeni asikae bure. Lakini ina upande wa pili. Ukishampa mtu jembe, naye akalipokea akalima, basi umekwisha kumfanya mwenyeji. Huwezi kumnyang'anya uenyeji huo siku mavuno yakiwa mema. Nasi sote tulipewa jembe hilo zamani, kama si na watu, basi na nchi yenyewe ambayo wenyewe wa kwanza tuliwakuta wakiwinda.

Je, basi kujua asili ni kazi bure? Hasha. Mwacha asili ni mtumwa. Ila asili ijulikane yote, wala si kipande kimoja kinachotupendeza. Kwa hiyo nawaomba wazazi wafanye jambo moja dogo jioni moja ya juma hili. Chukua daftari la mtoto. Andika majina ya wazazi wako wawili, babu na bibi zako wanne, kisha wazazi wao wanane. Usiandike upande wa baba tu. Andika na kila mama: jina lake, kijiji chake, kabila lake, alikotoka, nani alimpokea. Pale usipojua, nenda kamwulize bibi au shangazi angali hai. Wengi wetu waweza kusaidiwa pia na vitabu vya ubatizo vya parokia, maana misheni ya Kigonsera ilianza mwaka 1899, na katika vitabu hivyo huandikwa mama pamoja na baba.

Mimi nilipofanya hivyo nilipata Wamatengo wanne, Mpangwa mmoja, Mnyasa mmoja wa mwambao, mwanamke mmoja aliyetekwa na Wangoni akiwa mtoto asijue kabila lake, na yule mvulana wa kando ya kijito, ambaye jina lake halisi hakuna alijuaye. Mahali pake nimeandika: "Alipokewa hapa."